Ukurasa wa Uzi Mwekundu

Siku hiyo umeme ulikatika alfajiri, na ilipofika saa tatu asubuhi mtaa mzima ulikuwa umehamia maktaba. Si kwamba watu walikuwa wameshikwa na hamu ya kusoma ghafla. Maktaba ilikuwa na jenereta. Vinyozi walikuja na mashine zao, wanafunzi na kompyuta zao, wauza simu na mikungu ya chaja, na kila tundu la umeme ukutani lilikuwa na wenyewe. Juu yao feni zilizunguka polepole, bila haraka yoyote, kama kwamba shida ya watu wa chini haizihusu.

Katika umati huo aliingia mshonaji wa nguo, mwanamke wa miaka thelathini na miwili, amevaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe, lenye mifuko miwili mikubwa mbele. Tepu ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Begani alibeba mkoba ulioonekana kumwelemea.

"Umebeba nini humo?" aliuliza mama wa mlangoni, yule anayepokea mizigo na kumpa kila mtu kibao chenye namba. Kila mtu alimwita Mama Vibao.

"Gauni tu, mama."

"Gauni zito hivyo?"

"La harusi."

Mama Vibao akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Kweli, harusi nazo zina uzito wake. Pita nalo mwanangu, lisije likachafuka hapa kwangu."

Mshonaji akapita upesi. Hakuwa amesema uongo, ila hakuwa amesema yote. Chini ya gauni la bibi harusi, imeviringishwa kwenye taulo, kulikuwa na pasi.

Hatua tatu baada ya mlango, harufu ikampokea: karatasi kuukuu, gundi, na nta ya kusugulia sakafu. Akasimama. Miaka ishirini na miwili hakuwa amekanyaga hapa, ingawa duka lake lilikuwa ng'ambo ya barabara na kila siku aliutazama mlango huu akiwa anakanyaga cherehani. Sababu alikuwa anaijua yeye peke yake. Alipokuwa na miaka kumi alikuwa akija hapa kila akitoka shule. Siku moja, akisoma kitabu cha korongo, alifika mahali ambapo korongo anaachiwa aruke, na mtoto aliyemlea amesimama uwanjani akingoja kuona kama atarudi. Akafunua ukurasa kwa pupa. Ukachanika, kutoka juu mpaka karibu na chini. Akaazima kitabu kile akaenda nacho nyumbani, akachukua uzi mwekundu wa mama yake, akaushona ukurasa kama mtu anavyoshona suruali iliyopasuka. Alipomaliza aliona ameharibu zaidi. Kesho yake akakitumbukiza kwenye sanduku la kurudishia vitabu lililokuwa nje ya mlango, akatimua mbio, na hakurudi tena. Hata mwisho wa hadithi hakuusoma. Alijiona hana haki nao.

Lakini leo bibi harusi alikuwa anakuja saa tano, na gauni lilikuwa na mikunjo kama uso wa mtu aliyelala mchana. Mshonaji akapiga moyo konde. Nyuma kabisa, kwenye rafu ya vitabu vya kilimo, akaona tundu moja la umeme limesahauliwa. Akapiga magoti, akatoa pasi, akachomeka.

"Dada," sauti ikasema nyuma yake, "hivyo vitabu vya kilimo havina mikunjo."

Akageuka. Mwanamume mrefu, mwembamba, amesimama na rundo la vitabu visivyo na majalada. Aproni yake ilikuwa na madoa ya gundi, penseli iko sikioni, na miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Uso wake ulikuwa unajaribu kuwa mkali, ila macho yalikuwa yameshaanza kucheka.

"Kaka yangu, nisamehe. Nina bibi harusi saa tano."

"Na mimi nina vitabu elfu ishirini, vyote karatasi. Na wewe umeleta moto."

"Si moto. Ni pasi."

"Pasi ni moto uliovaa kiatu." Akainama, akachomoa waya. Mshonaji akajua ndiyo basi, anatolewa nje mbele ya vinyozi wote. "Njoo huku," mwanamume akasema. "Nina meza."

Chumba alichompeleka kilikuwa nyuma ya kaunta. Ndani kulikuwa na meza pana kama kitanda, mashine ya chuma ya kubania vitabu, brashi, makopo ya gundi, na kila mahali vitabu vinavyongoja zamu, vingine vimefungwa kitambaa kama mtu mwenye jino bovu. Dirisha lilitazama ua wenye mti mmoja. Mwanga uliopita kwenye majani ulitua mezani ukawa unachezacheza. Kelele za jenereta na za watu zilibaki nyuma ya mlango, na mshonaji akahisi kama amezama kwenye maji yenye utulivu.

Akatandika taulo, akaanza kupiga pasi. Mwanamume akaketi upande wa pili, akaendelea na kazi yake: alikuwa anashona kitabu, karatasi kwa karatasi, kwenye mgongo. Kisha uzi wake ukakatika. Akaunga. Ukakatika tena.

"Uzi wako unakatika," mshonaji akasema.

"Siku hizi wanatuletea nyuzi mbovu."

"Uzi hauna kosa. Unaushona mkavu. Una mshumaa?"

Alikuwa nao. Mshonaji akaupitisha uzi juu ya nta mara tatu, akiubana kwa kidole gumba, akamrudishia. Mwanamume akashona mistari miwili, mitatu, minne. Uzi ukapita kama umepakwa mafuta.

"Miaka tisa," akasema polepole. "Miaka tisa niko humu ndani nagombana na uzi, kumbe dawa yake iko ng'ambo ya barabara."

"Umejuaje niko ng'ambo ya barabara?"

Akashikwa. Akavaa miwani, akaivua. "Dirisha la mbele linaonyesha duka lako," akasema. "Na cherehani yako inasikika, feni zikizimwa."

Mshonaji akainamisha uso kwenye gauni la bibi harusi, akalipiga pasi mahali alipokwisha kupapiga. Alipomaliza, mwanamume akamwekea mbele fomu ya uanachama.

"Ya nini?"

"Ili siku nyingine uje bila pasi, Fundi."

"Fundi si wewe?"

"Basi tuko wawili."

Fomu ilikuwa na maswali sita. La nne liliuliza: *Umewahi kuwa mwanachama wa maktaba hii?* Kalamu ikasita. Mshonaji akamwona mtoto wa miaka kumi akikimbia barabarani. Akaandika: *Hapana*. Akapewa kadi mpya, namba 6340.

*

Kuanzia hapo, kila Jumanne na Alhamisi saa saba mchana, alikuwa anafunga duka, anavuka barabara. Alisoma kwanza kwa woga, kurasa mbili tatu, akifunua kila ukurasa kwa ncha za vidole. Kisha kiu ikamrudia yote kwa mkupuo. Alisoma habari za nyota na za nyuki, alisoma hadithi za watu waliopotea majangwani, na akirudi kwenye cherehani alikuwa anashona huku mawazo yamebaki jangwani. Mteja mmoja alilalamika kwamba suruali yake imekuja na mfuko mmoja wa ziada.

Jioni simu ilikuwa inalia.

"Fundi."

"Fundi."

"Mikono yako iko wapi?"

"Kwenye pindo la sketi. Nashona kwa mkono."

"Basi weka simu mezani, nikusomee."

Akamsomea, kila jioni, ukurasa au kurasa mbili, kwa sauti ya chini isiyo na haraka, na mshonaji alijikuta akishona polepole ili ukurasa usiishe. Wakati mwingine alikuwa anamchokoza: "Hapo umeruka mstari." Naye alikuwa anajitetea: "Sikuruka. Nilinyamaza, nilikuwa nafikiri kitu." "Kitu gani?" "Kitu kilichovaa gauni la bluu." Basi kazi ya jioni ile ilikuwa inaharibika kabisa.

Walikuwa wanapendana, na kila mtu aliliona hilo, kuanzia vinyozi mpaka Mama Vibao. Wao wenyewe ndio walikuwa bado wanalizunguka, kama watu wanaojua mlango uko wapi lakini wanaona haya kubisha.

Jumanne moja jioni simu ililia mapema.

"Nimepata barua," mwanamume akasema. "Kuna maktaba mpya mji mwingine. Vitabu vyao vililowa kwenye mafuriko, vimerundikwa ghalani. Wanataka fundi akae huko moja kwa moja. Wanataka jibu Ijumaa saa sita mchana."

Sindano ya mshonaji ikasimama. "Na wewe unataka nini?"

"Vile vitabu naviota usiku. Lakini kuna jambo nataka nikuulize kwanza, uso kwa uso. Kesho utakuja?"

"Kesho si siku yangu."

"Njoo hivyo hivyo, kipenzi."

Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo. Mshonaji akakesha nalo neno lile. Asubuhi akakata kitambaa kizito cha kijivu, akamshonea aproni mpya: mfuko wa mkasi, mfuko wa brashi, kijifuko kidogo cha mshumaa, na kwa ndani, upande wa moyo, mfuko mmoja ambao hakuutungia kazi.

*

Mama Vibao aliiona aproni ikichungulia kwenye mkoba. Alikuwa mama mwema, tatizo lake ni kwamba habari ikimfikia kwa kijiko yeye huipakua kwa sufuria.

"Hiyo ni ya fundi wetu?" akauliza, akamvuta mkono. "Mwanangu, nakwambia kwa kuwa nakupenda. Yule ana mtu wake. Mia tisa kumi na mbili."

"Ana nini?"

"Mwanachama namba mia tisa kumi na mbili. Ni mwanamke. Kitabu chake kimefungiwa kwenye droo miaka nenda rudi, daftarini kimeandikwa kipo kwenye matengenezo, na hakuna anayekitengeneza! Hata mkuu wa maktaba akikiomba hapewi. Kwa ajili yake hajaoa mpaka leo."

Hilo la kutooa Mama Vibao alilitia mwenyewe, kama chumvi. Lakini mshonaji hakujua ipi ni chumvi na ipi ni mboga. Akaenda mpaka chumba cha nyuma. Mwanamume alikuwa dirishani, amevaa shati jeupe lililonyooka, jambo lisilo la kawaida kwake, na alipomwona uso ukamchanua.

"Mia tisa kumi na mbili ni nani?" mshonaji akauliza, hata salamu hakutoa.

Sasa wapo wanaume waliojaliwa mikono wakanyimwa ulimi. Angeweza kuanza hadithi kwa mwanzo wake. Badala yake alitabasamu, tena tabasamu la mbali, la mtu anayekumbuka jambo tamu.

"Nani kakwambia? Huyo ndiye aliyenileta kwenye kazi hii. Nilimngoja sana. Kusema kweli, mpaka leo mlango ukifunguliwa huwa natazama kama ni yeye."

"Hata nikiufungua mimi?"

Akafikiri, maana alikuwa mtu mkweli. "Hata ukiufungua wewe. Lakini sikiliza..."

Mshonaji hakusikiliza. Akaiweka aproni mezani, ikiwa imekunjwa vizuri, akatoka. Alimpita Mama Vibao, alivipita vibao vyake, na barabara aliivuka bila kutazama kulia wala kushoto.

Simu ililia jioni yote. Alhamisi mchana akaipokea, kwa kuwa ilikuwa inamtisha mteja.

"Nipe dakika mbili tu nikueleze."

"Mpe mia tisa kumi na mbili hizo dakika."

"Sijui hata yuko wapi! Sijawahi kumwona maisha yangu yote!"

"Basi hilo ndilo baya zaidi. Mtu hujamwona, na bado mimi nimeshindwa naye. Nenda kwenye mji wako, Fundi. Pengine yuko huko anakungoja."

Akakata simu, akaizima. Kisha akalia juu ya kitambaa cha bitana cha mtu, kikapata doa, na ikabidi akate kingine.

*

Jioni ya Alhamisi aliishiwa uzi mwekundu, na duka la vifaa lilikuwa limeshafungwa. Akaenda kwa mama yake, mtaa wa pili. Mama alikuwa amestaafu kushona, ila hakuwa amestaafu kutunza. Kopo lake la biskuti lilikuwa na vifungo vya nguo ambazo wenyewe walishazeeka.

"Macho yako yamevimba," mama akasema.

"Vumbi la kitambaa."

"Vumbi hilo lina jina?"

"Mama, nipe uzi tu."

"Tafuta chini kabisa. Ule mwekundu nimeuviringisha kwenye kadi."

Akaupata. Akaketi kwenye kiti cha dirishani, akaanza kuuviringua. Uzi ulikuwa mrefu. Ukatoka, ukatoka, na kadi ikaanza kujitokeza kidogo kidogo: kona ya manjano, muhuri wa zambarau, kisha picha ya mtoto mwenye tai ya shule imepinda na nywele zimesimama. Akaiviringua kwa haraka zaidi. Chini ya picha, kwa mwandiko wa mtu mzima aliyekuwa na muda, palikuwa pameandikwa: *Mwanachama Na. 912.*

Akaisogeza karibu na macho, akaisoma tena.

"Hiyo si ndiyo ile kadi yako ya maktaba?" mama akasema kutoka jikoni. "Uliitupa ukasema huendi tena. Nikakuuliza, ukasema kichwa kinauma. Nikasema karatasi ngumu kama hii haitupwi. Vipi?"

Mshonaji alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Aliishika kadi kwa mikono miwili. "Mama, siku mbili nzima nimemwonea mtu wivu mpaka nikataka kuugua."

"Mtu gani?"

"Mimi."

Mama akatoka jikoni, akamtazama, akaitazama kadi. Hakuelewa hata nusu yake, lakini alikuwa mama. "Basi nenda mkapatane," akasema.

Ila furaha ile haikukaa peke yake. Mshonaji aliporudi nyumbani, woga wa zamani nao ukaketi pembeni yake. Kitabu kilichofungwa kwenye droo ni kile kile cha korongo, kile alichokiharibu. Na kwenye fomu alimwandikia *Hapana*. Mwanamume aliyemngoja mtu wa ajabu, mtu aliyemleta kwenye kazi, sasa atamwona nani? Mwongo aliyechana ukurasa akakimbia. Alishika simu mara tatu, akaiweka mara tatu. Neno hili halikuwa la simu.

*

Ijumaa bibi harusi wa pili alichelewa kuja kupima, kisha kiuno kikambana, na mshonaji alipotoka dukani ilikuwa saa sita kasorobo.

"Kibao," Mama Vibao akasema.

"Leo sina mzigo, mama."

"Basi kimbia. Yuko kwa mkuu, na kalamu nimemwona nayo."

Ofisi ya mkuu wa maktaba ilikuwa na mlango wa kioo. Mwanamume alikuwa amesimama mbele ya meza, amevaa aproni ya kijivu. Barua ilikuwa mbele yake. Mkuu, mama mwenye nywele nyeupe na miwani midogo, aliinua macho.

"Dada, tuna kikao."

"Nimekuja kuazima kitabu," mshonaji akasema. Akaiweka kadi mezani, na uzi mwekundu uliobaki bado umeizunguka. "Mnacho kimoja. Kipo kwenye matengenezo."

Mwanamume aliitazama kadi. Akamtazama yeye. Akaitazama picha ya mtoto mwenye tai iliyopinda. Kalamu ikamponyoka, ikaviringika mpaka ukingoni mwa meza, na hakuna aliyeidaka.

Mkuu wa maktaba akasimama, akachukua kikombe chake. "Nadhani nimesahau kitu mahali," akasema, akatoka.

"Kabla hujasema chochote," mshonaji akaanza, maneno yakimfukuza, "mimi ndiye niliyekichana. Nilifunua kwa pupa. Nikajaribu kukishona, nikakiharibu kabisa, nikakitupa kwenye sanduku nikakimbia. Na kwenye fomu nilikudanganya. Nilisema sijawahi. Sasa unajua. Mtu uliyemngoja ndiye huyu."

Mwanamume akamshika mkono, akampeleka chumba cha nyuma, akafungua droo ya chini. Kitabu kilikuwa kidogo kuliko alivyokikumbuka. Kikafunguka chenyewe ukurasa wa thelathini na saba, maana kilikuwa kimefunguliwa hapo mara nyingi mno. Mshono mwekundu ulishuka katikati ya maandishi, umepinda, ukiyafuata maneno kwa uangalifu ili usilizibe hata moja.

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja," mwanamume akasema. "Nilikuwa napenda vitabu, lakini nyumbani kwetu kitu kikipasuka kilikuwa kinatupwa. Sahani, kiatu, hata watu. Baba aliondoka hivyo hivyo. Halafu nikafunua hapa. Nikaona kuna mtu, mdogo kama mimi kwa jinsi sindano ilivyoyumba, amekaa chini akakishona kitu kilichochanika. Tena tazama: mishono ishirini na mitatu, na hakuna iliyotoboa herufi. Nikamuuliza bibi wa kaunta ni nani huyu. Akanionyesha namba ya mwisho kwenye kadi ya kitabu; alikumbuka ni msichana, ila jina hakulikumbuka, na daftari la wanachama lilikuwa limeliwa na mchwa. Nikawa nakungoja uje nikuulize unafanyaje."

"Nilidhani nimeharibu."

"Mimi nilidhani ndivyo watu wazuri wanavyofanya."

Mshonaji akauziba mdomo kwa kiganja. Miaka ishirini na miwili aliitazama maktaba hii kupitia dirisha la duka kama mtu aliyefukuzwa, kumbe humu ndani alikuwa akingojwa.

"Nilitaka kukwambia tangu Jumatano," mwanamume akasema. "Kwamba nimengoja namba mpaka nimechoka, na sasa nataka kumngoja mtu wa kweli. Nilikuwa nataka kukuonyesha droo hii, halafu nikuulize kama niondoke au nisiondoke. Nimelianza vibaya."

"Umelianza vibaya sana."

"Sasa nakuuliza. Ile barua. Unasemaje?"

Mshonaji alitaka kusema *usiende*. Neno lilikuwa mdomoni, tamu, tayari. Lakini aliikumbuka sauti yake Jumanne akivitaja vile vitabu vilivyolowa.

"Nenda," akasema. "Vishone. Wafundishe na wao washone. Halafu urudi. Miezi mingapi?"

"Mitatu inatosha, wakiwa na mikono."

"Basi waandikie hivyo. Wakikataa, hawana bahati."

Mwanamume akaandika pale pale, saa sita kasoro dakika mbili, kwa penseli ya sikioni, na baadaye ikabidi aandike upya kwa kalamu. Kisha akaugeukia ukurasa wa thelathini na saba. "Korongo anarudi au harudi?" akamuuliza. "Unakumbuka?"

"Sikuwahi kujua. Sikufunua tena."

Macho yakamtoka. "Hujui mwisho? Miaka yote hii?" Akaushika ukurasa ili aufunue, mshonaji akamzuia, kiganja juu ya kiganja.

"Usinionyeshe. Utanifunulia siku utakayorudi."

Mwanamume akachukua muhuri wa tarehe. Vitabu vilikuwa vinaazimwa wiki mbili. Yeye akauzungusha muhuri mpaka miezi mitatu mbele, akagonga. Katika daftari la matengenezo akaikata kwa mstari namba ya kitabu kile, iliyokaa humo tangu kabla hajaajiriwa.

"Nikirudi nitakuja kwenu," akasema, "na mama yangu, na mjomba wangu mwenye maneno mengi."

"Kufanya nini?"

"Kuomba uanachama."

"Fomu ya kwetu ni ndefu."

"Nitaijaza bila uongo."

Mshonaji akampiga kofi dogo begani, wakacheka, na kicheko kikaisha kila mmoja akiwa karibu sana na uso wa mwenzake. Nje Mama Vibao alikuwa anamwambia mkuu wa maktaba kwamba yeye alijua tangu siku ya pasi.

*

Aliondoka Jumatatu asubuhi. Jioni mshonaji alikuwa dukani, taa imewaka, pindo la gauni la kijani magotini, na kitabu cha korongo kimelala kwenye kona ya meza ya cherehani. Simu ikalia.

"Fundi wangu."

"Umefika?"

"Nimefika. Vitabu ni vingi mpaka dari. Kesho nawafundisha habari ya mshumaa. Na wewe umefika wapi?"

Mshonaji akakivuta kitabu karibu. Korongo alikuwa ameshaachiwa. Mtoto alikuwa uwanjani, shingo juu, akitazama mbingu tupu. Kidole cha mshonaji kikashuka juu ya mshono mwekundu, polepole, mpaka mwisho wake.

"Ukurasa wa thelathini na saba."

"Na hufunui?"

"Sifunui," akasema. "Soma wewe chochote ulicho nacho hapo. Mimi nashona, nakungoja."

Akaiweka simu mezani, kando ya kitabu, akachukua sindano.